Haibridi ya familia huku milimani: tazama betri, mzigo na mlima kabla ya kilomita kwa lita

Ukiulizia gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme, jambo la kwanza utakalotajiwa ni kilomita kwa lita. Aqua, 35. Fielder haibridi, 33. Prius ya 2009 hadi 2015, zaidi ya 30. Namba hizo si za kubuni. Zilipimwa Japani kwa kipimo cha JC08, gari likiwa ndani ya maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola. Kwenye rola hakuna mlima wa Kitonga, hakuna asubuhi ya Julai pale Uyole, wala gunia la viazi vya Isongole kwenye buti. Kwa familia ya Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu, Aqua nzima yenye betri nzima tegemea kilomita 18 hadi 22 kwa lita, na mwenye milima mingi na safari fupi fupi atapata chini ya hapo. Bado ni akiba kubwa ukilinganisha na IST ya petroli tupu. Ila mnunuzi aliyeahidiwa 35 ataona ameibiwa, wakati gari lake ni zima kabisa.

Kwa hiyo huku kwetu haibridi inachaguliwa kwa vitu vitatu: afya ya betri kubwa (ile inayolisha mota), uzito utakaoubeba, na milima unayoipanda kila wiki. Kilomita kwa lita ni matokeo ya hivyo vitatu.

Betri ni ndogo kuliko unavyodhani

Betri kubwa ya Aqua ya kizazi cha kwanza (NHP10) ina moduli 20 za nikeli (vipande vya betri vilivyounganishwa) na volti 144. Umeme wote uliomo haufiki hata uniti moja ya LUKU. Ile Prius ya 2009 hadi 2015 (ZVW30, au kwa kifupi Prius 30) ina moduli 28, volti 201.6, karibu uniti 1.3. Tena kompyuta ya gari hairuhusu betri ishuke hadi sifuri wala ijae kabisa. Inaichezesha kati ya asilimia 40 na 80 hivi, ndiyo maana betri hizi hudumu miaka mingi. Kwa Aqua, umeme unaotumika kweli ni chini ya uniti 0.4.

Sasa piga hesabu ya mlima. Aqua yenyewe ina uzito wa kilo 1,080 hivi. Weka watu wazima wawili, watoto wawili na mizigo, unafika kilo 1,400. Kulipandisha gari hilo mita 100 za kimo (kimo, si urefu wa barabara) kunataka karibu uniti 0.4, hapo hujahesabu upepo na msuguano. Maana yake mlima wa mita 100 tu unaweza kuimaliza betri yote kama ingesukuma peke yake. Kitonga ni zaidi ya hapo, na hata Ipogolo kupanda Iringa mjini si mchezo. Kwenye mlima mrefu unaendeshwa na petroli, basi. Akiba ya haibridi inapatikana kwenye foleni ya Mwanjelwa, kwenye kusimama na kuondoka, kwenye mteremko, na kwenye barabara iliyonyooka unapoachia mafuta.

Kuna jambo jingine la kimo. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi. Injini ya Aqua, ambayo kiwandani ina hosipawa 74, hapa inakupa kama 61. Injini ya Prius 30 ina 99, inabaki na 82. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo yenyewe haipungui kitu, na ndiyo sababu haibridi huondoka vizuri kwenye taa kuliko gari la kawaida la injini kama hiyo. Betri ikishuka mlimani, utabaki na injini peke yake, nayo itapiga kelele. Kelele hiyo si ubovu.

Kwenye kuteremka mambo yanageuka. Kila mita 100 unazoshuka zinarudisha umeme, na baada ya mita 150 au 200 za kimo betri imejaa. Haipokei tena. Kuanzia hapo gari halina pa kuupeleka umeme, basi linazungusha injini kwa nguvu bila kuchoma mafuta ili kuzuia mwendo, na breki za kawaida zinabeba kilichobaki. Wengi wakisikia injini inalia huku wanateremka hukimbilia kwa fundi. Hiyo ni kazi yake. Unachotakiwa kufanya ni kuweka gia kwenye B (gia ya kuzuia mwendo kwa injini) kabla ya mteremko mkali kuanza, si katikati breki zikishanuka. Kwenye barabara ya Chunya kurudi Mbeya, kwenye Mlima Nyoka, kwenye Kitonga, B ndiyo inayookoa pedi na diski. Kwenye barabara ya kawaida usiitumie, maana inapunguza umeme unaorudi.

Baridi yetu nayo ina pande mbili. Betri za nikeli huuawa na joto, kwa hiyo betri inayoishi Mafinga au Mbeya ina nafasi nzuri ya kudumu kuliko ile inayoshinda juani Dar es Salaam. Upande wa pili ni safari fupi. Asubuhi ya Juni injini lazima iwake mpaka ipate joto, hata kama betri imejaa. Ukimpeleka mtoto shule kilomita 2 na kurudi, safari nzima inaishia kwenye kupasha injini. Ukiwasha hita ndani ya gari, umezidisha, kwa sababu hita inachota joto la injini na kuilazimisha iendelee kuwaka. Vaa sweta dakika tano za mwanzo.

Gari gani kwa familia gani

Kwa baba, mama na watoto wawili wadogo wanaozunguka zaidi mjini, Aqua ya kuanzia 2015 inatosha. Mafundi wengi wameizoea, spea zake zipo, matairi yake ya 175/65R15 hayasumbui kupatikana. Kasoro yake ni kiti cha nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kinamsukuma abiria wa mbele mpaka magoti yaguse dashibodi, na ukifunga viti viwili vya watoto, hakuna mtu mzima atakayekaa katikati. Buti linameza begi mbili na mfuko wa nepi. Kigari cha kumsukumia mtoto kipimwe siku ya kununua, kiingizwe, buti lifungwe.

Kama ningetakiwa kutaja moja tu kwa familia changa ya mikoa hii, ningetaja Corolla Fielder haibridi, NKE165, iliyoanza 2013. Ina injini ileile ya Aqua, 1NZ-FXE, na mfumo uleule wa haibridi, kwa hiyo anayeijua Aqua anaijua hii. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, na buti limebaki la Fielder kamili. Ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela na begi za watoto vinaingia bila kumbana mtu. Ni nzito kidogo kuliko Aqua na jumla ya nguvu ni ileile, hosipawa 100, kwa hiyo mlimani utakuwa nyuma ya mabasi. Ukilikubali hilo, ni gari la kuishi nalo.

Anayepanda na kushuka milima mikubwa kila wiki akiwa amejaza gari, mathalani Mbeya na Kyela au Iringa na Morogoro, afikirie injini ya 1.8. Prius 30 ina jumla ya hosipawa 136 na hiyo tofauti inasikika unapotaka kulipita lori kwenye kilima. Prius Alpha ni hiyohiyo iliyorefushwa. Ile ya watu watano ina betri ya nikeli kwenye buti, ile ya watu saba ina betri ya lithiamu katikati ya viti vya mbele. Muulize muuzaji ni ipi kabla ya kuzungumza bei, kwa kuwa betri zake haziingiliani. Injini hii ya 1.8 ina ugonjwa wake, nitaueleza hapa chini, na asiyeujua asiinunue.

Watoto watatu wenye viti vyao hawaenei kwa mstari mmoja kwenye gari lolote kati ya haya. Hapo ni Sienta haibridi (NHP170, kuanzia 2015) au Alpha ya watu saba. Milango ya kusukuma ya Sienta ni baraka kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Lakini uzito wake unakaribia kilo 1,400 tupu, na injini ni ileile ya Aqua. Mjini sawa. Watu saba kupanda Kitonga nyuma ya semi, utaenda taratibu sana. Na safu ya tatu ikisimamishwa, buti halibaki na kitu.

Nissan Note e-Power, HE12, inaendeshwa na mota tupu, na injini yake ndogo ya 1.2 kazi yake ni kufua umeme. Mjini ni tamu kuliko zote hizi, inaondoka kwa wepesi wa ajabu. Mlima ukizidi urefu, betri inaisha na unabaki na kile injini inachoweza kufua, ambacho nacho kimeshapunguzwa na kimo. Kwa mtu asiyetoka nje ya mji mara kwa mara, ni nzuri.

Honda Fit haibridi ya GP5 sishauri huku. Ina giaboksi ya klachi mbili, gia saba. Ya 2013 na 2014 iliitwa kiwandani mara kadhaa Japani kwa matatizo ya giaboksi na programu yake. Shida kubwa kwa mazingira yetu ni klachi kavu kwenye foleni ya kupanda: gari linatambaa hatua mbili, linasimama, linatambaa, klachi inateleza, inapata joto, onyo linatokea. Kitonga lori likiharibika mbele, hali ni hiyo saa nzima. Mfumo wa Toyota hauna klachi ya kuteleza hapo, una gia za sayari na mota mbili, ndiyo maana unavumilia.

Harrier haibridi ya AVU65 ina injini ya 2.5 na mota ya nyuma inayosaidia kwenye utelezi. Ni gari zuri, lakini anayelitafuta kwa ajili ya kubana matumizi amekosea mlango.

Na angalia jina. Nissan Serena S-Hybrid ya C26 ina kimota kidogo kinachosaidia injini, haiwezi kuendeshwa kwa umeme peke yake. Suzuki nyingi zenye kibandiko cha haibridi ni hivyohivyo. Si magari mabaya, ila usilipe bei ya haibridi kamili kwa kimota cha kusaidia.

Kulikagua gari

Nenda alfajiri, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Kama ni la moto, rudi siku nyingine, na usione haya. Nusu ya ukaguzi ipo kwenye dakika ya kwanza ya injini baridi.

Kabla ya kuwasha, fungua boneti utazame matangi mawili ya kulanti (kimiminika cha kupoza). Haibridi ina mzunguko mmoja wa injini na mwingine wa inveta, kifaa kinachobadilisha umeme kati ya betri na mota. Kulanti ya Toyota ni ya pinki. Ukikuta maji ya bomba au rangi ya kutu, jua mtu amebana shilingi elfu kadhaa akahatarisha sehemu ya mamilioni. Halafu huku Makete, Kitulo na Njombe kunaanguka jalidi, maji matupu hayafai hata kwa gari la kawaida. Ukishawasha na taa ya READY (gari liko tayari kuondoka) imetokea, tazama tangi la inveta kwenye Prius: kulanti inatakiwa ionekane ikitembea. Ikitulia kama maji ya mtungi, pampu imekufa.

Sasa sikiliza injini inapowaka mara ya kwanza. Kwenye Prius 30, ikitetemeka kwa nguvu sekunde kumi za mwanzo kama inayotaka kuzima, kisha ikatulia, hapo una ule ugonjwa niliousema. Mfumo wa EGR unarudisha sehemu ya moshi kwenye injini kupitia kipoza chake. Kipoza kikizibwa na masizi, moshi uliopozwa haufiki, chemba zinapata joto kupita kiasi, na baada ya miaka gasketi ya silinda hedi inapasuka. Usiku kulanti kidogo inachuruzika ndani ya silinda, asubuhi silinda hiyo haichomi vizuri, ndiyo mtetemo. Dalili ya pili ni kulanti inayopungua bila kuvuja chini. Skana (kifaa cha kusoma kompyuta za gari) huonyesha kodi, yaani namba za hitilafu, P0301 hadi P0304 au P0401. Gari lenye dalili hizo liache, hata kama bei imeshuka. Gari ambalo bado ni zima, kipoza cha EGR na manifodi ya hewa vifunguliwe na kusafishwa kila kilomita 80,000 hivi. Injini ya Aqua nayo ina EGR na inataka kusafishwa, ila haina sifa mbaya ya gasketi kama hiyo.

Baada ya hapo skana. Kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani pamoja na programu ya simu kama Dr. Prius kinatosha kuanzia. Fundi akisema "haina kodi", muulize amesoma kompyuta zipi: ya injini tu, au na ya haibridi na ya breki. Na aangalie kama vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe likiendeshwa vimekamilika. Vikiwa vyote havijakamilika, mtu amefuta kodi jana.

Kwenye Prius moduli 28 zinasomwa kwa jozi, kwa hiyo utaona namba 14. Gari likiwa limesimama, tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini isizidi volti 0.3. Kisha panda mlima wa kweli: Ipogolo kwenda mjini kama uko Iringa, au kutoka Uyole ushike barabara ya Tukuyu kama uko Mbeya. Kanyaga mafuta na mtu mwingine asome namba. Tofauti ikifika volti 1 na kuzidi, betri imechoka, na P0A80, kodi ya betri kubwa iliyochoka, haiko mbali. Hata bila skana, tazama vijiti vya betri kwenye dashibodi. Betri nzima hushuka taratibu na kupanda taratibu. Iliyochoka hushuka kutoka vijiti sita hadi viwili kwa dakika moja, kisha hujaa ghafla kwenye mteremko mdogo, kwa kuwa nafasi ya kuweka umeme imekwisha. Feni ya nyuma inayopoza betri ikivuma kwa sauti kubwa asubuhi ya baridi, nayo inakuambia kitu.

Muuzaji akikuambia moduli moja imebadilishwa "na sasa iko poa", punguza matumaini. Moduli mpya au ya gari jingine haina uwezo sawa na wenzake waliozeeka. Inajaa na kuisha kwa wakati tofauti, inawavuta wengine, na baada ya miezi michache inakufa ya pili, kisha ya tatu. Betri hutengenezwa vizuri kwa kupima moduli zote, kuzilinganisha, kusafisha vipande vya shaba vinavyoziunganisha (hivi huota ukijani na kuleta upinzani) na kukaza nati zake kwa nguvu ya 5.4 Nm tu, maana zaidi ya hapo unavunja kichwa cha moduli. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye glavu za volti 1,000, anayechomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika 10 kabla ya kugusa chochote. Nyaya za rangi ya chungwa mtu mwingine yeyote asiziguse. Tafadhali, hapo hakuna kujaribu.

Breki zina mtego wao. Ukifungua mlango wa dereva, utasikia pampu ikinguruma sekunde chache kisha inanyamaza. Hiyo ni kawaida. Ikiwa inarudia kila baada ya sekunde chache wakati hujagusa pedali, mfumo unapoteza presha, na kwenye Prius 30 skana inaweza kuonyesha C1391. Kuibadilisha sehemu hiyo ni ghali, na hata kutoa hewa kwenye breki hizi kunataka skana, si mtu wa kukanyaga na mwingine wa kufungua nati.

Magari yaliyotoka Dar, ya namba D au E, yaangalie betri kwa makini zaidi kwa sababu ya joto nililolitaja. Unayeagiza Japani, dai karatasi ya mnada, soma alama na michoro ya mikwaruzo, na omba picha za chini ya gari, kwa sababu yanayotoka mikoa ya theluji huja na kutu ya chumvi.

Hesabu ya pesa

EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Mbeya huwa juu ya Dar kwa sababu ya usafiri. Tuseme lita ni shilingi 3,000, ubadilishe mwenyewe kwa bei ya mwezi huu. Familia inayotembea kilomita 1,000 kwa mwezi kwa IST ya kilomita 13 kwa lita inachoma lita 77. Kwa Aqua ya 20 inachoma 50. Tofauti ni lita 27, yaani shilingi 81,000 kwa mwezi, 972,000 kwa mwaka. Kama haibridi unayoitaka imezidi IST kwa milioni 4, utarudisha ndani ya miaka minne na kidogo, endapo hutabadilisha betri. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza bei ya betri nzima na kazi yake, uigawe kwa miaka unayotarajia kukaa na gari, na uijumlishe humo.

Ukitembea kilomita 500 kwa mwezi, tofauti ni kama shilingi 40,000. Hapo nunua IST nzima, na pesa iliyobaki ikae kwa watoto. Nasema hivyo ingawa nazipenda haibridi.

Kwa wanaoagiza, ingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma pesa. Gari lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru kwa ajili ya umri, na likipita 10 unapanda tena. Wakati mwingine gari jipya kwa mwaka mmoja au miwili linafika bandarini kwa jumla ileile.

Watoto na tundu la hewa

Hili ndilo linaloua betri za magari ya familia kimyakimya. Betri ya Toyota inapozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lenye vijichane pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Hapo ndipo mtoto anaweka miguu, anaangushia biskuti, anamwagia maziwa, na mama anatupia kanga au blanketi. Tundu likizibwa, feni inavuta bure, betri inapata joto, na kila mlima mrefu unapunguza uhai wake. Vumbi la barabara za Makete na Ludewa nalo linajaa kwenye chujio na mapanga ya feni. Onyesha kila anayepanda gari tundu hilo liko wapi. Chujio, kama lipo, lisafishwe kila miezi mitatu kiangazi, na feni ifunguliwe mara moja kwa mwaka na mtu anayejua.

Kuhusu viti vya watoto, tafuta vishikizo vya ISOFIX (vyuma vya kufungia kiti cha mtoto) kwa mkono kati ya mgongo na kalio la kiti cha nyuma, kulia na kushoto. Jaribu kiti chako hapohapo. Pia chungulia chini ya gari: Aqua na Prius zina nafasi ya karibu milimita 140 tu kutoka ardhini, na zile plastiki za chini huning'inia na kung'olewa kwenye barabara za udongo zilizochimbika kuanzia Novemba hadi Aprili. Kama nyumba yako iko mwisho wa njia ya matope, pita njia hiyo na gari la jirani lenye urefu huo kabla hujaamua. Na kwa kuwa betri ya Aqua na Fielder iko chini ya kiti, usivuke maji yanayofika sakafu.

Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya injini, 0W-20: lita 3.7 kwa Aqua pamoja na filta, lita 4.2 kwa Prius 30. Usikubali ile nzito ya 20W-50. Injini hii inazima na kuwaka mara mia kwa siku, na asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kufika juu. Badilisha oili ya giaboksi kwa Toyota ATF WS, lita tatu na kitu. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: fundi anasoma neno CVT kwenye karatasi na kumimina oili ya CVT. Giaboksi hii haina mkanda, na oili hiyo ndiyo inayopoza nyaya za mota.

Pima betri ndogo, ile ya kawaida ya volti 12. Ikiwa imetulia usiku kucha, volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12 imechoka. Ikichoka gari litaonyesha taa zote nyekundu na READY haitatokea, watu wakadhani betri kubwa imekufa. Ikiwa imefungwa ndani ya gari kama kwenye Prius, weka ile yenye bomba la kutolea gesi nje, si yoyote inayoenea. Na usilitumie gari lako kulishtua lori la jirani.

Kwenye foleni usiweke N. Kwenye N betri haichajiwi, inashuka tu. Kwenye mlima usilishikilie gari kwa mafuta, kanyaga breki. Na petroli isiishe kamwe kwa imani kwamba umeme utakufikisha Igawa.

Kisha jaza tangi mpaka pampu ikate mara ya kwanza, andika kilomita, endesha kama kawaida, jaza tena kituo kilekile, ugawanye. Fanya hivyo mara tatu upate namba yako ya kweli. Ikishuka kwa kilomita 3 au 4 bila safari zako kubadilika, anza na upepo wa matairi, ufuate kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, halafu chujio la feni ya betri, halafu volti za zile jozi.